Biolojia ya chuo bila kuingia darasani: tathmini ya BIOL 1408 ya Texas

Anayesomea uhasibu, biashara au lugha kwenye chuo cha umma cha Texas hawezi kuikwepa sayansi. Masomo ya msingi ya jimbo hilo ni krediti 42 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), na 6 kati ya hizo lazima zitoke kwenye sayansi. Wengi wasioelekea udaktari wala uhandisi huishia kuchagua BIOL 1408, biolojia ya wasiosomea sayansi, na wenye kazi za mchana au zamu za usiku huichukua kwa njia ya mtandao. Wamo humo Wakenya, Watanzania na Wakongo wa Houston na Dallas, ambao biolojia waliiacha sekondari na sasa wanarudi shule wakiwa na watoto na kodi ya nyumba.

Hukumu tunaitoa mapema. Kozi ni nzuri na inafaa kulipiwa, mradi uichukue katika muhula mrefu wa wiki 16, na uchague darasa ambalo maabara yake inafanywa kwa mikono, nyumbani, kwa vifaa halisi. Ukikosa mojawapo, utapata krediti lakini biolojia itakupita pembeni.

Kabla ya kujiandikisha

Namba ya kozi inajieleza. Tarakimu ya kwanza, 1, ni mwaka wa kwanza. Ya pili, 4, ni idadi ya krediti. Kwa hiyo 1408 ni mihadhara na maabara kwa pamoja. Vyuo vingine huzitenganisha: 1308 ni mihadhara, krediti 3, na 1108 ni maabara, krediti 1. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Mtu anajiandikisha 1308 peke yake kwa sababu ada yake ni ndogo, anamaliza na A yake, kisha anaambiwa digrii yake inataka sayansi yenye maabara. Maabara hiyo anarudi kuifanya muhula mwingine, mada zikiwa zimeshamtoka kichwani. Soma mpango wa digrii yako kwanza, ndipo uchague namba.

1409 ni ndugu yake. 1408 imeelemea upande wa binadamu: kemia ya uhai, seli, muundo wa mwili na kazi zake, uzazi. 1409 inashika mageuko ya viumbe, ikolojia na aina za mimea na wanyama. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria atakuta kwenye uhifadhi jambo analolijua kwa macho yake, namna sangara walioingizwa ziwani katika miaka ya 1950 walivyowafyeka samaki wadogo wa asili. 1406, kwa upande mwingine, ni ya wanaosomea sayansi. Ina kemia nyingi zaidi na mwendo mkali zaidi, na asiyeihitaji hana sababu ya kujitwisha.

Anayelenga unesi asimame hapa asome mara mbili. Kozi ambazo programu za unesi huzihesabu ni anatomia na fiziolojia, BIOL 2401 na 2402, pamoja na maikrobiolojia, 2420 au 2421. 1408 haichukui nafasi ya hata moja kati ya hizo. Kama chuo chako kinataka kozi ya kuanzia kabla ya 2401, uliza kwa maandishi ni ipi, kwa sababu inaweza kuwa 1406. Uliza pia kama programu unayoilenga inakubali maabara ya mtandaoni, na kama ina kikomo cha miaka kwa kozi za sayansi. Wako watu wazima wenye bidii wanaopoteza muhula mzima hapa kwa kumsikiliza jamaa badala ya mshauri wa chuo.

Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, ana sharti lake. Katika kila muhula, ni kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, inayohesabiwa kwenye mzigo kamili wa masomo, ambao kwa shahada ya kwanza ni krediti 12. 1408 ina krediti 4, kwa hiyo usipige hesabu ya kufikisha 12 kwa kuitegemea yote. Na kama umebakiza kozi moja tu ili uhitimu, kozi hiyo haiwezi kuwa ya mtandaoni peke yake. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo yenye neno la mwisho, na uende huko kabla ya kulipa.

Saa zinazohitajika kweli

Vyuo vya Marekani huhesabu krediti moja kama saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Mihadhara ya krediti 3 ni saa 9 kwa wiki. Ongeza saa 2 au 3 za maabara, unafika 11 au 12. Hiyo ni kwa muhula mrefu. Kozi hiyo hiyo ikibanwa katika wiki 8, mzigo unakuwa saa 22 hadi 24. Ile ya kiangazi ya wiki 5 inataka saa 35 na zaidi, yaani kazi ya pili ya kutwa. Mada hazipungui hata moja; kinachopungua ni usingizi.

Mtu mwenye kazi ya saa 40 anaweza kuimudu ya wiki 16 vizuri. Ya wiki 8 anaimudu akiwa hana kozi nyingine. Ya wiki 5 hatumshauri mwenye kazi kamili, hata awe hodari namna gani, kwa sababu biolojia inajengwa juu ya biolojia. Asiyeelewa utando wa seli wiki ya 3 hataelewa namna figo inavyochuja wiki ya 12, na katika kozi iliyobanwa hakuna wikiendi ya kurudi nyuma.

Kuhusu saa zenyewe: mifumo ya kusomea mtandaoni kama Canvas hufunga kazi saa 11:59 PM, yaani saa 5:59 usiku kwa hesabu yetu. Saa hiyo huwa ni ya chuo. Anayesafiri kwenda Nairobi au Dar katikati ya muhula akumbuke kwamba Texas ya kati iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 8 wakati wa kiangazi na saa 9 wakati wa baridi, hivyo kazi inayofungwa Jumapili usiku huko inafungwa Jumatatu asubuhi akiwa huku.

Kitabu

Hapa tuna habari njema. Kitabu kinachotumika katika madarasa mengi ya aina hii ni Concepts of Biology cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, hapo hapo Houston. Kilitoka mwaka 2013, kina sura 21, na ni bure kabisa, iwe kukisoma kwenye kivinjari au kukipakua kama PDF. Jihadhari na ndugu yake mkubwa, Biology 2e, chenye sura 47. Hicho ni cha wanaosomea sayansi. Wapo wanaokipakua kwa makosa, wakakutana na kurasa za kemia ambazo mhadhiri wao hatazigusa, wakakata tamaa kabla ya mtihani wa kwanza.

Kwa 1408 utakaa zaidi kwenye sura ya 2 hadi ya 10, kisha 16 hadi 18. Maelezo ya seli na urithi yameandikwa kwa Kiingereza chepesi na michoro yake ni safi. Udhaifu wake mkubwa ni sura ya 16, ambayo imeshindilia mwili karibu wote mahali pamoja: usawazishaji wa maji mwilini, mmeng'enyo wa chakula, moyo na mapafu, homoni, mifupa na misuli, na mishipa ya fahamu, vyote katika sehemu 6. Kwa kozi iliyoelemea binadamu, hiyo haitoshi. Dawa yake ni kitabu kingine cha OpenStax cha bure, Anatomy and Physiology, chenye sura 28. Usikisome chote. Fungua sura ya moyo na ya figo tu pale kitabu chako kinapokuacha njiani.

Angalia bili yako pia. Vyuo vingi huingiza ada ya kitabu cha kidijitali moja kwa moja kwenye ada ya kozi, na una haki ya kujitoa kabla ya tarehe inayotajwa. Ila usikimbilie kujitoa. Kama mazoezi ya kila wiki yanafanyika ndani ya jukwaa la kitabu hicho, kujitoa ni kuyatupa mazoezi na alama zake. Fungua silabasi, tafuta mazoezi yanafanyika wapi, ndipo uamue.

Mada zinazoangusha watu

Ya kwanza ni kipimo cha pH. Watu hukariri kwamba 7 ni kati na chini yake ni asidi, wakasahau kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 5 yana ayoni za haidrojeni mara 100 zaidi ya maji ya pH 7. Swali la namna hii halikosekani kwenye mtihani wa mwanzo.

Inafuata nishati. Wengi huandika kwamba wanyama wanapumua na mimea inafanya usanisinuru, wakaishia hapo. Mimea inafanya yote mawili: seli zake zina mitokondria na zinachoma sukari usiku na mchana. Oksijeni inayotoka kwenye jani inatokana na maji, wala haitokani na kaboni dayoksaidi. Kwenye glaikolisisi, hatua ya kwanza ya kuvunja sukari, zinatengenezwa ATP 4 (molekuli za kubebea nishati) lakini 2 zilishatumika kuianzisha, kwa hiyo faida ni 2. Jumla ya ATP kwa glukosi moja huleta ugomvi: maandishi ya zamani yanasema 36 au 38, ya karibuni yanasema 30 hadi 32. Tofauti hiyo inatokana na namna ya kukadiria gharama ya kusafirisha vitu kuingia na kutoka mitokondria. Kwenye mtihani jibu kwa namba iliyo kwenye maelezo ya mhadhiri wako.

Mitosisi na meiosisi, njia mbili za seli kugawanyika, ndizo zinazoua wengi zaidi, na sababu ni moja: watu hawachori. Chukua karatasi, chora seli yenye kromosomu 4 tu, mbili nyekundu kutoka kwa mama na mbili za bluu kutoka kwa baba, moja ndefu na moja fupi kwa kila rangi. Zinakiliwe: kila kromosomu sasa ina kromatidi dada 2, yaani nakala mbili zilizoshikana, lakini hesabu ya kromosomu bado ni 4. Hapo ndipo mtihani unapotega. Kisha zipeleke hatua kwa hatua. Katika mitosisi utamaliza na seli 2 zenye 4 kila moja. Katika meiosisi jozi zinaachana kwanza, dada wanaachana baadaye, na unamaliza na seli 4 zenye 2 kila moja. Ukiweza kuichora mara tatu, kwa siku tofauti, bila kuangalia, mada imeingia. Kutazama video kumi hakufiki nusu ya hapo.

Upande wa urithi, selimundu ni mfano ambao msomaji wetu anauelewa kuliko Mmarekani wa kawaida, kwa kuwa wengi tuna ndugu au jirani mwenye ugonjwa huo. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu (S) na moja ya kawaida (A), kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, yaani mgonjwa, 2 kati ya 4 ya kuwa AS, na 1 kati ya 4 ya kuwa AA. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa SS basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ni bahati mpya, nafasi ni ile ile. Na kwa nini jeni hiyo imebaki kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Mwanafunzi anayeleta mfano huu kwenye insha, akaueleza kwa mpangilio, anaonyesha kwamba ameelewa jinsi mazingira yanavyochagua jeni.

Kutafsiri DNA kwenda protini kunahitaji utaratibu tu. DNA ikisoma TAC GGA, mRNA, yaani nakala inayopeleka ujumbe wake, ni AUG CCU: T inakuwa A, A inakuwa U, na kadhalika. Jedwali la kodoni, yaani makundi ya herufi tatu tatu, lisomwe kwa mRNA, kamwe lisisomwe kwa DNA. Kodoni ziko 64, na 61 zinataja asidi amino, 3 ni za kusimamisha. Aliyesoma Kongo kwa Kifaransa ana faida, maana mitosisi, meiosisi na kromosomu zinafanana kwa maandishi, ila awe macho na kifupisho kimoja: alichozoea kukiita ADN na ARN hapa ni DNA na RNA, na mkono uliozoea huandika vya zamani wakati wa haraka.

Njia ya kujisomea tunayoipendekeza ni kadi. Upande mmoja andika istilahi kwa Kiingereza, kama itakavyokuja kwenye mtihani. Upande wa pili ieleze kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo ungemwambia mama yako akaelewa. Istilahi usiyoweza kuieleza kwa Kiswahili hujaielewa bado, umeikariri.

Maabara, moyo wa kozi

Kuna aina tatu. Ya kwanza ni maabara ya skrini, ambapo unaburuta chupa kwa kipanya na matokeo yanatoka sahihi kila mara. Ya pili ni kisanduku cha vifaa kinacholetwa na posta. Ya tatu ni mchanganyiko, vitu vichache vya jikoni na picha za hadubini. Tunasimama na ya pili, na ya tatu ikifanywa vizuri. Ya kwanza ina kasoro isiyoponyeka: ripoti yoyote ya maabara inauliza ni nini kilichoweza kuharibu matokeo, na kwenye skrini hakuna kilichoharibika. Mwanafunzi anabuni makosa ambayo hakuyaona. Anajifunza kuandika sayansi bila kuifanya.

Kisanduku kiagizwe mara unapojiandikisha, usisubiri wiki ya kwanza. Kikifika, kifungue siku hiyo hiyo na kagua kila kitu dhidi ya orodha iliyomo, kwa sababu kifaa kilichopungua ukikigundua usiku wa kufunga kazi hakuna wa kukusaidia. Usinunue kisanduku kilichotumika: kemikali zitakuwa zimeisha, na namba ya kuingilia kwenye miongozo hutumika mara moja. Vitu vinavyooza havimo ndani, hivyo panga kununua viazi, maini, hamira, stroberi na chupa ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa.

Jaribio la osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli) kwa kiazi ndilo linalofundisha zaidi na ndilo linaloharibika zaidi. Kata vijiti vya sentimita 4 kwa 1 kwa 1 kutoka kiazi kimoja, kikiwa kimemenywa, maana ganda linazuia maji. Tengeneza miyeyusho ya sukari ya kawaida. Kwa mililita 200, mkolezo wa mola 0.2 unataka gramu 13.7, mola 0.4 gramu 27.4, mola 0.6 gramu 41, na mola 1.0 gramu 68.4, pamoja na glasi moja ya maji matupu. Yeyusha sukari kwenye maji kidogo kwanza, kisha jaza hadi ifike 200. Ukimwaga sukari ndani ya maji ambayo tayari ni mililita 200, ujazo unapanda na mkolezo wako unakuwa hafifu kuliko ulioandika. Pima kila kijiti, kizamishe, kiache usiku kucha, kitoe, kikaushe kwa karatasi kwa mguso ule ule kila mara, pima tena. Badiliko ni uzito wa mwisho toa wa mwanzo, gawanya kwa wa mwanzo, zidisha kwa 100. Kutoka gramu 4.0 kwenda 4.5 ni ongezeko la asilimia 12.5. Kutoka 4.0 kwenda 3.4 ni pungufu la asilimia 15.

Kosa kubwa hapa ni mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima itakuonyesha 4 kabla na 4 baada, hata kama kijiti kimetoka 4.0 hadi 4.4, ambalo ni badiliko la asilimia 10. Unahitaji inayosoma 0.1, na afadhali 0.01. Kama huna, pima vijiti vitano pamoja kwa kila glasi. Chora grafu, na mahali mstari unapokata sifuri ndipo mkolezo wa nje unapolingana na wa ndani ya kiazi; kwa viazi vingi huangukia kati ya mola 0.2 na 0.4. Ukipata 0.8, rudi ukague hesabu ya sukari.

Hamira ni rahisi kwa aliyewahi kupika maandazi. Pakiti moja ya gramu 7, gramu 10 za sukari, mililita 200 za maji ya vuguvugu ya nyuzi kama 40, chupa ya nusu lita, puto mdomoni. Ndani ya dakika 30 hadi 45 puto linasimama. Lisiposimama, karibu kila mara sababu ni maji ya moto, kwa kuwa yakipita nyuzi 60 hamira inakufa. Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii, nayo ni puto jipya gumu. Livute na kulipuliza mara mbili kabla ya kulifunga. Weka chupa ya pili isiyo na sukari, maana bila hiyo huna cha kulinganisha na ripoti inakatwa alama.

Kwenye jaribio la katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, kipande cha ini kibichi kinatoa povu jingi kwenye peroksaidi, na kilichochemshwa hakitoi kitu. Pima urefu wa povu baada ya dakika moja kamili. Povu likiwa dogo hata kwa ini bichi, tazama chupa ya peroksaidi. Mwanga na kukaa wazi huidhoofisha, ndiyo maana inauzwa kwenye chupa ya kahawia.

DNA ya stroberi ndiyo inayowafurahisha watoto nyumbani. Ponda stroberi 3 ndani ya mfuko wa plastiki, ongeza mililita 100 za maji zilizochanganywa na kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo na nusu kijiko cha chumvi, chuja kwa karatasi ya kahawa. Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni spiriti ya isopropili ya asilimia 91 iliyokaa kwenye friza, iwe juu ya maji bila kuchanganyika. Baada ya dakika 5 hadi 10 nyuzi nyeupe zinapanda. Zisipoonekana, spiriti ilikuwa ya joto au ilimwagwa kwa pupa. Spiriti hushika moto, iwe mbali na jiko. Na kwenye ripoti usiandike kwamba umeona umbo la ngazi iliyosokotwa la DNA kwa macho: unachokiona ni nyuzi nyingi mno zilizosokotana pamoja na protini. Stroberi ya dukani huchaguliwa kwa kuwa kila seli yake ina seti 8 za kromosomu, wakati binadamu ana 2.

Hadubini za plastiki za baadhi ya visanduku ni dhaifu, hilo tunalisema wazi, na picha nzuri za chuo ni bora kuliko hizo. Hesabu zake lakini lazima uzijue. Lenzi ya jicho 10 mara lenzi ya chini 4, 10 au 40 inatoa ukuzaji wa 40, 100 au 400. Kama upana wa duara unaloliona ni milimita 4.5 kwenye 40, basi kwenye 400 ni 0.45. Seli 5 za ngozi ya kitunguu zikijaza upana huo, kila moja ni milimita 0.09, yaani mikromita 90.

Piga picha ya kila hatua, kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe. Wahadhiri wengi hudai hivyo, na asiyepiga hana ushahidi wa kazi aliyoifanya kwa jasho lake.

Mitihani na kujitoa

Mitihani huwa na kamera na kivinjari maalumu kinachofunga kila kitu kingine. Simu haitoshi. Hakikisha una kompyuta yenye kamera, kisha fanya mtihani wa majaribio ambao chuo hukuwekea, mahali pale pale na kwa intaneti ile ile utakayoitumia. Wenye watoto wafunge mlango, kwa sababu mtu wa pili akionekana kwenye kamera video hiyo hupitiwa.

Mambo yakiharibika, tarehe ndiyo itakayokuokoa. Katika muhula wa wiki 16 wa Texas, siku ya 12 ya masomo ndiyo ya kuhesabu wanafunzi. Ukijitoa kabla yake, kozi haionekani kwenye rekodi. Ukijitoa baadaye unapata W, alama ya kuacha kozi, na sheria ya jimbo inawaruhusu walioanza chuo kuanzia msimu wa vuli 2007 W zisizozidi 6 katika shahada yote ya kwanza kwenye vyuo vya umma, isipokuwa zile zenye sababu zinazokubaliwa na chuo. Kwa hiyo jaribio la kwanza la maabara na mazoezi ya sura ya 2 yafanye ndani ya siku hizo 12, ujipime kweli kama wiki zako zina nafasi.

Anayejiamini ana njia nyingine, mtihani wa CLEP wa biolojia, unaompa mtu krediti bila kuisoma kozi: maswali 115 kwa dakika 90, na alama 50 ndiyo inayopendekezwa kukubaliwa. Shirika la Modern States hutoa maandalizi bure pamoja na vocha ya kulipia mtihani. Lakini kiwango chake ni cha kozi ya mwaka mzima, pana kuliko 1408, na hauna maabara ndani yake. Mwenye digrii inayodai maabara atafaulu CLEP na bado atatakiwa kujiandikisha 1108, akakate viazi kama wengine.